Familia ya Darasa la Sita

Watoto thelathini na wanane wa darasa la sita walifika mtaa wa Mbugangari, Gisenyi, Ijumaa saa nane mchana, wamejipanga mistari miwili, wanaimba. Mbele alitangulia mwalimu wao, Karenzi, ameshika karatasi mkononi. Nyuma wavulana wanne walibeba kwa zamu gunia la mchele, na wasichana walishika madumu ya mafuta, sukari, maharage na miche ya sabuni. Watu wa mtaa walitoka kwenye milango yao kutazama. Shule ya masista ilikuwa na desturi hiyo kila muhula: darasa moja huchagua familia moja yenye shida, likaitembelea na kuipelekea chochote ambacho watoto wametoa majumbani kwao.

Ndahiro alizisikia sauti zao akiwa bado ndani. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mwanzoni mwa muhula alisimama mbele ya shule nzima akaisifu kazi hiyo mpaka masista wakampigia makofi.

"Cansilde, nipatie veste," alimwambia mkewe. "Banakuya kunikamata."

"Kukukamata muende wapi?"

"Kwa ile familia bamechagua. Si nilikuambia ni leo?"

Cansilde alikuwa anamenya viazi vitamu. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo ya viazi vitamu bila kitu pembeni. Alifuta mikono kwenye kitenge, akampa koti. Ndahiro akalivaa, akafunga kifungo kimoja, akaenda kufungua geti akiwa tayari anatabasamu.

"Mwalimu! Mungenipigia simu ningewangojea pale barabarani. Bon, twende. Ni kwa nani?"

Karenzi alitazama karatasi, akatazama geti, akatazama mfereji uliopita pembeni ya nyumba. Alikuwa amelelewa Ngara, upande wa Tanzania, na kwa kawaida Kiswahili chake kilitoka moja kwa moja kama cha redioni. Siku hiyo kilikwama. Walifahamiana na Ndahiro mikutanoni tu. Hakuwahi kujua anakaa wapi. Wiki mbili nyuma aliwagawia wanafunzi vipande vya karatasi, kila mmoja aandike nyumba anayoijua kuwa na shida, bila kuweka jina lake, na kama ni aibu asitaje hata jina la wenye nyumba, aelekeze njia tu. Alivisoma vyote, akachagua kimoja kwa sababu kilikuwa kifupi kuliko vingine: *Mbugangari, geti la bluu, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji. Baba hana kazi tangu Aprili. Hawasemi.*

"Mzee Ndahiro," alisema kwa sauti ya chini, "karatasi inasema ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Geti la bluu."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Watoto walisimama wakingoja kuambiwa waingie. Wawili kati yao walikaa mtaa huohuo na walijua vizuri hapo ni kwa nani. Mmoja alifungua mdomo, mwenzake akamkanyaga mguu. Katikati ya mstari wa wasichana alisimama Teta, binti wa Ndahiro, amekumbatia miche mitatu ya sabuni na kuinamisha uso.

Ndahiro alicheka. Alicheka kwa nguvu, kama mtu aliyesikia kichekesho arusini.

"Ah, mwalimu! Geti ya bluu iko mingi huku. Mumekosea. Ni kwa Mama Nyiraneza, hapa pembeni. Kuyeni, kuyeni nyote!"

Geti la Nyiraneza lilikuwa jekundu. Karenzi aliliona, na watoto wote waliliona. Mwalimu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akawafuata.

Nyiraneza alikuwa mjane aliyepita miaka sabini. Mwanawe, Gasana, aliuza vifaa vya ujenzi Kigali, na hakuna mwezi uliopita bila kumtumia mama yake cha kutumia. Alikuwa na friji, na sakafu yake ilikuwa ya vigae. Alikuwa ameketi barazani akichambua maharage, na alipoona watoto wanamiminika uani, alisimama kwa hofu hadi ungo ukaanguka.

"Ndahiro! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Mama. Ni batoto ba shule. Banakuletea zawadi."

"Mimi? Juu ya nini?"

Ndahiro alimshika mikono yote miwili. Alimtazama tu. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini. Nyiraneza alikuwa amemwona Cansilde akija kuazima chumvi, kisha akija kuomba makaa, kisha akaacha kuja kabisa. Aliwatazama watoto, akaelewa kiasi cha kumtosha.

"Eee," alisema. "Asante. Mungu abarikie batoto. Muweke hapa."

Vitu vikawekwa barazani. Ndahiro akatoa hotuba, maana hakuna aliyemwambia asitoe. Alisema kwamba anayepokea naye hutoa, kwa sababu humpa mwenzake nafasi ya kupenda. Sauti yake ilikuwa nzuri. Karenzi akapiga picha kwa simu, kama Sista mkuu alivyoagiza. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja kumsalimu bibi. Zamu ya Teta ilipofika, Nyiraneza alipokea sabuni, akamvuta karibu.

"Na we, mutoto wangu," alimnong'oneza, "umekula?"

Teta aliwatazama wenzake. Akasogea, akampisha aliyemfuata.

*

Cansilde aliona yote kupitia pazia. Ndahiro alipoingia na kuvua koti, viazi vilikuwa vimeshaiva na Teta alikuwa mezani, bado amevaa sare.

"Muchele ilifika mpaka kwa geti yangu," alisema Cansilde. "Niliiona na macho yangu."

"Haikuwa yetu."

"Ilikuwa ya nani? Ya Nyiraneza? Nyiraneza anakulaka nyama kila siku ya Mungu!"

"Cansilde, mi ni président wa bazazi. Nilisimama mbele ya bantu nikasema tusaidie bamaskini. Leo nisimame kwa geti, batoto baimbe, nipokee?"

"Sasa, we si maskini?"

Ndahiro alikaa. Tangu biashara ya ng'ambo ya mpaka ilegee, watu waliokuwa wakimpa kazi ya kuwatolea mizigo forodhani walikwisha, mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo kila asubuhi alipiga pasi shati, akachukua faili lake, akaenda mpakani kusimama na wenzake mpaka mchana. Nyumbani jambo hilo halikuwahi kuitwa kwa jina lake. Waliliita "siku hizi". Siku hizi hakuna sukari. Siku hizi tunatembea kwa mguu.

"Ni we uliandika ile karatasi?" aliuliza ghafla.

"Mimi? Mi niko darasa la sita?"

"Basi ni mutu gani? Ni mutu wa mupakani. Mutu ananichukia."

"Mutu anakuchukia hawezi kukuletea mafuta, Ndahiro."

Waliendelea hivyo, wakitaja majina ya watu wazima. Hakuna aliyegeuka kumtazama mtoto.

Teta ndiye aliyeandika. Katika somo la dini Sista alisema kwamba mtu akijua shida ya mwenzake akanyamaza, amemfungia Kristo mlango, na Teta alilala siku mbili na maneno hayo. Alijua shida. Alinyamaza. Kwa hiyo akaandika. Alidhani vitu vingeletwa na gari la shule, taratibu, na mtu mzima mmoja. Wimbo hakuufikiria hata kidogo. Njiani, mistari ilipokata kona ya kwao, alitaka kumwambia mwalimu kwamba si huku, lakini huo ungekuwa uongo, na kabla hajaamua, baba yake aliusema uongo uleule huku anacheka. Kisha akahubiri, na alihubiri vizuri. Sasa Teta hakujua ni nani kati yao aliyetenda dhambi, wala kama mama yake, aliyekasirika kwa ajili ya mchele, alikuwa na haki ya kukasirika. Alimaliza kiazi chake akaenda kuosha sahani.

*

Jumamosi asubuhi Sista Godeliva, mkuu wa shule, alituma picha katika kundi la WhatsApp la wazazi. Nyiraneza alionekana katikati ya mchele na mafuta, mdomo wazi kidogo. Chini yake Sista aliandika: *Darasa la sita limeitembelea familia yenye shida huko Mbugangari. Mungu asifiwe.* Aliandika kwa furaha ya kweli. Kufikia saa sita picha ilikuwa imepita kwa wanakwaya, kwa majirani, na kwa watu wa Gisenyi wanaoishi Kigali.

Mama anayeuza maziwa alimshika Nyiraneza bega akamwambia pole, hatukujua. Kiongozi wa jumuiya alimuuliza kwa upole kama duka la Gasana limefungwa. Saa nane Gasana mwenyewe alipiga simu, na alipiga kelele kiasi kwamba bibi alishikilia simu mbali na sikio. Gasana alipokata, bibi alijifunga kitenge akaenda kugonga kwa Ndahiro. Cansilde alimpa kiti. Hakukaa.

"Gasana anakuya kesho," alisema. "Anauliza ni mutu gani aliambia shule ati mama yake analala na njaa. Bantu banamucheka kule Kigali."

"Ulimujibu je?" aliuliza Ndahiro.

"Nilisema sijui. Ndahiro, mi nimezeeka, sijui kusema uongo. Jana nilikusaidia na roho moja. Lakini nilifikiri itabaki hapa kwa mutaa."

"Nisamehe, Mama."

"Na byakula biko kwangu, sijagusa. Cansilde, kuya ubikamate."

Cansilde alikwisha kusimama. Ndahiro akainua mkono.

"Hapana. Batoto banakupatia we."

"Banipatia juu ya nini? Si we ndiyo ulibaleta!"

Nyiraneza alitazama meza, akatazama jiko lisilo na moto. Alipoondoka, Cansilde alimwambia mumewe kwamba ameivunjia heshima nyumba ya mtu ili ailinde yake, na tena yake yenyewe haikulindika. Ndahiro alichukua simu ampigie Karenzi. Akaiweka chini. Akisema ukweli, Teta atachekwa shuleni, na yeye hatasimama tena mbele ya wazazi. Akinyamaza, mjane aliyemsitiri ataendelea kusemwa. Alijaribu kusali, lakini hakujua aombe kipi kati ya hivyo viwili, basi akasali Baba Yetu mpaka mwisho na kubaki alipokuwa.

*

Jumapili baada ya misa ya pili wazazi walikusanyika katika ukumbi wa shule. Wanafunzi wa darasa la sita walikaa mbele kwenye mabenchi, kwa kuwa siku hiyo walipaswa kueleza walichojifunza. Ndahiro alikaa meza kuu pamoja na Sista Godeliva. Cansilde alikaa nyuma, karibu na mlango. Kabla Sista hajamaliza kuwakaribisha watu, Gasana aliinua mkono akasimama. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, na alisema kwa Kinyarwanda cha adabu ambacho kilifanya maneno yake yaume zaidi.

"Sista, nawaheshimu. Mimi nilisoma hapa. Naomba kujua jambo moja tu. Mama yangu mmemtangaza kuwa hana chakula. Nani aliwaambia? Kama ni yeye mwenyewe aliwaambia, nitapiga magoti hapa mbele yenu."

Sista alimgeukia Karenzi. Mwalimu alisimama polepole, akashika kiti cha mbele yake. Angeweza kumaliza jambo hilo kwa kutia mkono mfukoni tu, maana karatasi ilikuwa bado humo. Aliwaona watoto wake wa mstari wa mbele. Alimwona Teta.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilisoma maelekezo vibaya. Nikakosea nyumba."

"Ulikosea?" aliuliza Sista. "Kitu kama hiki unakoseaje, Mwalimu? Hukuuliza?"

"Sikuuliza, Sista."

"Basi utaandika barua ya maelezo, na umwombe radhi Mama Nyiraneza na mwanawe. Na kazi hii kuanzia leo atapewa mwingine. Hatuwezi kufundisha watoto upendo kwa kuwaaibisha watu."

Karenzi alisema ndiyo, Sista. Wanafunzi walitazamana. Walikuwa pale Ijumaa. Walijua mwalimu hakukosea nyumba, na walijua kwamba mwalimu huyohuyo, anayewapunguzia alama kwa uongo mdogo wa kusahau daftari, alikuwa amesema uongo sasa hivi mbele ya Sista. Wavulana wawili walianza kunong'ona. Teta alikuwa ameinua kichwa. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama baba yake.

Ndahiro alisimama. Alifanya hivyo bila kujiandaa, na kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule hakuwa na hotuba.

"Mwalimu hakukosea," alisema. "Alikuja mahali penyewe. Kwangu."

Sista alidhani hakusikia vizuri. "Kwako kufanya nini?"

"Kwangu. Nyumba iliyoandikwa ni yangu. Sina kazi tangu Aprili. Walipofika niliona haya, nikawapeleka kwa Mama Nyiraneza. Yeye hakuomba kitu. Alipokea ili anisitiri mimi." Alimgeukia Gasana. "Mama yako hana njaa. Mwenye njaa ni mimi. Na hawa wangu."

Alibaki amesimama, kwa sababu hakujua kama mtu aliyesema hivyo anapaswa kukaa au kuondoka. Mzazi mmoja alianza kupiga makofi. Wengine wawili wakafuata. Kisha wakaona hayafai, wakaacha. Sista Godeliva alifungua daftari, akalifunga. Alisema watu wasali kidogo. Wakasali. Baada ya sala aliwatangazia tarehe ya mitihani, na mkutano ukaisha bila watoto kueleza walichojifunza.

Mlangoni wazazi walimsalimu Ndahiro kwa mikono miwili, kama watu wanavyomsalimu mfiwa. Walipita haraka. Karenzi peke yake alisimama.

"Mzee, hukuwa na lazima," alisema.

"Na we ulikuwa na lazima?"

Karenzi alifikiri. "Sijui," alisema. "Nilidhani ninafanya vizuri."

*

Cansilde alitangulia nyumbani kwa njia ya soko. Alisema anataka kutembea peke yake kidogo. Ndahiro na Teta walishika njia ya mawe meusi wakipandisha kuelekea Mbugangari. Mapikipiki yaliwapita yakipiga honi kutafuta abiria.

"Papa," alisema Teta, "ni mimi niliandika."

Ndahiro aliendelea kutembea hatua tano, sita. Kisha akasimama.

"We?"

"Sista alisema tusinyamaze."

Alimtazama binti yake, soksi zake nyeupe zilizoshonwa vidoleni, na akaona jinsi alivyokuwa akijizuia kulia. Alitaka kumkasirikia na hakuweza. Alitaka kumsifu, nako hakuweza.

"Papa, nilifanya mubaya?"

"Sijui," alisema Ndahiro. "Mi nilifanya mubaya, ile najua. Ya kwako sijui, mutoto wangu. Ningekuwa najua ningekuambia."

"Na Mwalimu Karenzi?"

"Ile pia sijui."

Waliendelea. Geti la Nyiraneza lilikuwa wazi na gari la Gasana limeegeshwa nje, upande mmoja juu ya ukingo wa mfereji. Uani mama na mwana walikuwa wanakula ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, chini ya bati la baraza. Gasana alikuwa amevua viatu. Alipowaona barabarani aliacha kutafuna.

"Teta!" aliita Nyiraneza. "Kuya ukule. Na Papa yako akuye."

Teta hakusogea. Ndahiro naye alisimama palepale, mkono mmoja juu ya nguzo ya geti. Angeweza kusema wamekwisha kula. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ameyasema nyumba nyingi tangu Aprili, na kila mara watu waliyaamini, au walijifanya kuyaamini. Alimsikia binti yake anapumua karibu naye.

"Hatujakula, Mama," alisema.

Wakaingia. Ndahiro alimsalimu Gasana, na Gasana aliitikia kwa kichwa tu, bila kusimama wala kunyoosha mkono. Alimega tonge. Kisha, bila kuinua macho, alisukuma kiti cha plastiki kwa mguu mpaka kikafika mbele ya Ndahiro. Ilikuwa vigumu kujua kama ni kumkaribisha au ni kumdharau. Ndahiro alikitazama kile kiti, akakaa.